Mzee wa Upande wa Kushoto

Kwa miezi mitano mama yangu alikula nusu ya sahani. Si kwamba alishiba. Alimaliza ugali wa upande wa kulia, maharage ya upande wa kulia, akafika katikati akasimama kama mtu aliyefika mpakani hana pasi. Kisha ananitazama. "Jenista, siku hizi unanipimia chakula?"

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Naigeuza ile sahani kwa kishindo, nusu iliyobaki inamjia upande wa kulia, naye anashangaa kama mtoto aliyefanyiwa mazingaombwe. "Kumbe kipo!" Anacheka, anaendelea kula, na mimi naingia jikoni kulia peke yangu karibu na ndoo za maji.

Anaitwa Anastazia. Ana miaka sabini na miwili, ni Mndali wa Itumba, kule Ileje kwenye milima, na kiharusi kilimkuta uani kwake akipepeta maharage. Marita, jirani yake, mjane mwenzake, alikwenda kuomba chumvi jioni akamkuta amelala ubavu, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja bado umeshika ungo. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Watu waliponipa pole walisema mshukuru Mungu yuko hai, nami nikashukuru, lakini hilo neno "tangu asubuhi" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikamleta kwangu Tunduma, nikaapa kwamba mama yangu halali tena peke yake juu ya kilima.

Daktari alitueleza vizuri. Ubongo wa kulia ndio uliopigwa, kwa hiyo mkono wa kushoto umelegea, na si mkono tu: dunia yote ya kushoto imezimika. Macho ni mazima, alisema, ila ubongo haupokei habari za upande ule. Ndiyo maana alikuwa anakula nusu sahani, anachana nusu ya nywele, anagonga bega la kushoto kwenye kila mlango.

Nyumba yangu iko kwenye mtaa ambao malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Nakonde. Breki zake zinapumua mchana kutwa. Mama alikaa barazani, kitenge kimefunika miguu, akiyasikiliza. "Hawa ng'ombe ni wa nani?" aliniuliza siku moja. "Mbona hawapelekwi malishoni?" Wateja wangu Wazambia wanaokuja kununua mashuka walimsalimu kwa adabu zote, "Mulishani, bamayo?" naye akawajibu kwa Kindali, wakaelewana kabisa kwa namna ambayo mimi siijui. Alikuwa hayuko Tunduma, na hakuwa Itumba pia. Alikuwa mahali fulani katikati, penye ukungu.

Kitu kimoja tu alikitaka, na alikisema kila asubuhi kabla ya chai: kurudi nyumbani kwake. Basi mdogo wangu Yesaya akaja kutoka Mlowo, ambako ananunua mazao, tukakaa kikao. Yesaya ni mtu wa mizani, hawezi kuamua jambo bila kulipima. Akasema, "Mama, pale kliniki wana mazoezi ya miwani fulani. Ukifikisha alama saba kwenye kumi kabla ya Krismasi, nakupeleka Itumba mimi mwenyewe. Usipofikisha, nyumba na shamba anashika baba mdogo, wewe unabaki kwa Jenista moja kwa moja."

Mama akasema, "Sawa." Mimi nikasema sawa kwa mdomo.

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja cha kanisa, nje kidogo ya mji. Pale yupo Gloria, mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, mwanamke wa miaka kama arobaini, Mnyiha, mpole mpaka anakukasirisha. Chombo chake alikiita uhalisia pepe. Ni miwani mieusi, minene, inayofunga uso mzima kama kofia ya bodaboda iliyokatwa nusu. Ukiivaa, chumba kinapotea na unajikuta mahali pengine. Ukigeuza kichwa, mahali pale panageuka nawe. Mama alikalishwa kwenye kiti kinachozunguka, akapewa vishikio viwili, kimoja kila mkono, cha kushoto kikafungwa kwa kitambaa kisianguke. Sisi tuliokaa pembeni tuliona kwenye televisheni ya ukutani kile anachokiona yeye.

Waliotengeneza walikuwa wamechora milima kama yetu. Nyumba ya bati, njia ya udongo mwekundu, migomba, majani marefu, na chini kabisa genge la mwanamke anayeuza vitu vidogo vidogo. Kazi ya mgonjwa ni kutoka nyumbani, kufuata njia, kutazama huku na huku, kufika gengeni na kukumbuka alichotumwa: chumvi, kiberiti, sabuni, majani ya chai, mshumaa. Vingine vimepangwa kulia, vingine kushoto. Basi.

Siku ya kwanza mama aligeuza kichwa kidogo kidogo na ile miwani usoni. Kisha akasema taratibu, "Pasafi huku. Nani amefagia?" Akaomba avuliwe viatu.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na nyumbani pa tatu. Tukinywa chai ananisimulia habari za kule kana kwamba amerudi kutembea. Kule jua halisogei, alisema, limesimama saa nne siku zote, na umande haukauki. Migomba inatikisika lakini upepo haukugusi. Kuku wanapita bila kuacha nyayo. Alisema bila hofu yoyote, kwa sauti ya mtu aliyeamka kwenye usingizi mzuri, na mimi mwenye duka la kufungua nilijikuta nimesimama na kikombe mkononi nikimsikiliza. Wakati mwingine niliona wivu. Sijui ni lini mara ya mwisho mimi nilikuwa mahali ambapo pamefagiwa na mtu mwingine.

Lakini alama zilikataa. Tatu. Nne. Tatu tena. Kila safari ilikwenda vizuri mpaka kwenye kona, pale njia inapoanza kuteremka kwenda gengeni. Hapo mama anaiacha njia, anaingia kwenye majani ya kulia, anasimama. Sauti ya kwenye mashine inamwambia, "Umetoka njiani, tafadhali rudi njiani." Harudi. Saa inayoyoma, muda unakwisha. Gloria aliandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa anavutwa kulia, kushoto bado hakujafunguka. "Tusikate tamaa, dada," aliniambia. "Ubongo wa mtu mzima ni shamba la mlimani, unalima kidogo kidogo."

Mimi sikukata tamaa. Mimi, ukweli wa Mungu, nilifurahi. Kila alama tatu ilikuwa Krismasi nyingine ambayo mama yuko kwangu, barazani, ninapomwona.

Mwezi wa kumi hivi, siku ya Alhamisi, simu yangu iliisha chaji, nikakosa cha kufanya zaidi ya kutazama ile televisheni. Mama akatoka kwenye nyumba ya bati. Akapita migomba. Akafika kwenye kona, akaingia kwenye majani. Nikamgeukia yeye mwenyewe kwenye kiti, nikaona mkono wake mzima umeacha kishikio, umeshika pindo la kitenge na kukivuta juu ya kichwa, juu ya miwani, mpaka kidevuni. Kiti kikazunguka. Akatupa mgongo, akainamisha kichwa, akatulia.

Nimeiona hiyo mara mia katika utoto wangu.

Kwetu, mwanamke akishaolewa, yeye na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawazungumzi, hawapishani njiani. Mwanamke akimwona anakuja, anaiacha njia, anaingia majanini, anajifunika, anampa mgongo mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, na mimi mwenyewe mkwe wangu tulikuwa tunakula naye samaki meza moja. Lakini mama aliolewa mwaka sabini, na baba mkwe wake alikuwa Mzee Yonathani, babu yangu, mtu wa koti refu na kofia.

Baba yangu alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia nikiwa na miaka minne, na Kitwe ikammeza. Hakuandika, hakurudi. Toka hapo, kila Jumamosi, babu alileta kuni. Alikuja na mzigo begani, na akifika kwenye ile kona ya juu ya nyumba yetu anakohoa mara mbili, kwa nguvu, ili mkwe wake apate nafasi ya kujificha. Mama anaingia majanini, anajifunika. Babu anapita, anatua kuni mlangoni, anarudi alikotoka. Miaka kumi na tisa. Kuni hizo ndizo zilizopika uji wangu, uji wa Yesaya, na kuchemsha maji ya kutuogesha. Babu akafa, akazikwa, na mama alisimama nyuma kabisa na wake wengine wa ukoo, kitenge usoni.

Nikaitazama tena televisheni. Pale kwenye kona, upande wa kushoto, juu ya jiwe, palikuwa na mzee aliyechorwa. Amevaa koti refu na kofia, fimbo magotini. Uso hawakuuchora vizuri, ulikuwa kama umefutwa kwa kidole. Na hivyo ndivyo mama alivyomjua babu maisha yake yote.

Kushoto. Mzee alikuwa kushoto, na mama alimkimbia.

Hapa ndipo nitasema jambo la kuniaibisha. Nilielewa pale pale. Nilielewa kwamba mama anaona kushoto, na kwamba pengine anaona tangu siku nyingi, na kwamba nikifungua mdomo atakwenda zake Itumba. Nikanyamaza. Nilinyamaza wiki mbili. Sahani yake nilikuwa bado naigeuza kabla hajafika katikati, kwa haraka yangu, kwa hiyo hata nafasi ya kunionyesha sikumpa. Jioni moja nilichelewa kuigeuza, nikaona kijiko chake kinavuka katikati chenyewe, polepole, kinachota maharage ya kushoto. Nikajifanya natafuta chumvi. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sijui walisema nini juu ya anayeficha uzima.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa namfunga kilemba twende kanisani. Akanishika mkono.

"Jenista, mwanangu. Yule dada Gloria ni mtu msikivu?"

"Msikivu, mama. Kwa nini?"

"Niombee kitu kwake. Amwambie yule mzee awe anakohoa."

Nikaacha kufunga. "Mzee gani, mama?"

"Unamjua." Alikuwa anatazama ukuta, lakini si ukuta aliokuwa anauona. "Zamani alikuwa anakohoa, napata muda wa kutoka. Sasa nakata kona namkuta tu, amekaa. Miguu yangu si ile, nachelewa, naona haya. Halafu dada ananiambia nimnyooshee kile kidude. Baba mkwe wangu! Nimnyooshee kidude?"

Nilicheka, kisha sikuweza kuendelea kucheka.

"Miaka yote ile hatukusemeshana hata neno," akasema. "Nilimjua kwa kikohozi na kwa viatu. Kama siendi tena nyumbani, sawa, nitazeekea hapa kwako, umenitunza. Ila zile kuni, Jenista, sijazisemea asante. Ningekuwa kule njiani ningeona namna."

Sikwenda kanisani. Yaani nilikwenda, lakini sikumbuki kilichohubiriwa.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Gloria kabla hajafungua. "Dada Gloria, yule mzee anayekaa kwenye kona ni wa nini?"

"Yule? Tumemweka makusudi," akasema, bado anatafuta ufunguo. "Mgonjwa akimwona amnyooshee kishikio, apate alama. Ni kipimo chetu cha kushoto. Mama hajamwona hata mara moja, nasikitika."

"Mama anamwona kila siku. Yule ni baba mkwe wake."

Gloria ni Mnyiha, mambo ya ukwe hakuhitaji kufundishwa. Ufunguo ulibaki umening'inia mkononi. Nikaona anarudia moyoni zile safari zote, kona, majani, kitenge. "Yesu wangu," akasema. "Anamkimbia. Ili umkimbie mtu lazima umwone." Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja, akacheka tena. "Na mimi namwambia mnyooshee, mama, mnyooshee! Angeninyooshea mimi fimbo." Halafu akanitazama. "Umegundua lini, dada?"

Ulimi ulitaka kusema jana. "Wiki mbili," nikasema.

Hakunisema. Heri angenisema.

Gloria aliwapigia waliotengeneza ule mchezo, wakamtoa mzee kwenye jiwe, ili kipimo kisiwe na ubishi. Yesaya akaja na mizani yake ya moyoni. Mama akavaa miwani, akavua viatu, akatoka kwenye nyumba ya bati. Alitembea kama msichana. Chumvi kulia, kiberiti kushoto, sabuni kushoto, majani ya chai kulia, na mshumaa uliofichwa kushoto kabisa nyuma ya ndoo, ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijauona. Kwenye kona alipunguza mwendo, akasita, akapita katikati ya njia. Alama nane; mbili zilikatwa kwa kule kusita. Yesaya alipiga makofi kama yuko uwanjani.

Mama akavua miwani. Hakuwa na furaha usoni. Alitutazama mmoja mmoja, mimi, Yesaya, Gloria, kama watu waliovunja kitu cha mwenyewe.

"Mmempeleka wapi?"

Gloria akaipokea miwani mkononi mwake.

"Alikuwa amekaa tu pale," akasema. "Hajamsumbua mtu."

Tuliondoka Tunduma wiki mbili kabla ya Krismasi, kwa pikapu ya Yesaya. Mpemba tukaiacha barabara kuu, tukashika lami ya kwenda Isongole, milima ikaanza kuja, mmoja nyuma ya mwingine, bluu, kisha kijani. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni. Mama alikaa dirishani upande wa kushoto, alichagua mwenyewe, akitaja vilima kwa majina yake. Mimi nilikuwa nimebeba orodha ndefu ya masharti: Marita atalala chumba cha pili, nitapiga simu kila asubuhi, fimbo haiachwi, uani hakai peke yake. Aliitikia yote bila kusikiliza hata moja.

Gari halifiki nyumbani kwake. Yesaya alibaki nyuma na mizigo, mimi na mama tukashika njia ya miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unateleza, na hakuna aliyefagia. Nzi walikuwepo, na harufu ya majani mabichi na moshi wa jiko la Marita. Nilimshika kiuno, akautoa mkono wangu.

Tulipofika kwenye kona ya juu ya nyumba, alisimama. Mimi sikusikia kitu. Naapa, ilikuwa migomba tu na maji yanayotiririka bondeni. Lakini mama aliinua kichwa, kisha kwa haraka, kwa mguu ule mbovu, akaiacha njia, akaingia kwenye majani ya kushoto, akavuta kitenge usoni.

Nilifungua mdomo nimkaripie, utaanguka mama, hakuna mtu hapa. Nikaufunga. Nikaingia majanini nikasimama naye bega kwa bega, mgongo njiani, umande ukilowesha sketi yangu, na mimi nisiyekuwa na adabu hiyo nikavuta upande wa kitenge chake nikajifunika.

Chini ya kile kitenge palikuwa na mwanga mwekundu mwekundu na pumzi zetu mbili. Mama alisema kwa Kindali, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na majani:

"Baba, zile kuni zilinifika."

Kisha akangoja, muda ule mtu mzima anaouhitaji kupita na mzigo begani, ndipo akarudi njiani.